Kidole gumba kinauma ukivaa kiatu: kutafuta chanzo cha kucha iliyozama nyamani

"Dawa nimeshameza." Wanaoingia chumba cha vidonda wakichechemea kwa sababu ya kucha huanza na maneno hayo, wakati mwingine hata salamu haijaisha. Mmoja atakutajia rangi za kapsuli, mwingine atatoa mfukoni karatasi iliyobaki na vidonge viwili. Ukikitazama kidole, kimevimba upande mmoja, ngozi inang'aa, na kona ya kucha imekaa palepale ilipokuwa kabla ya kapsuli ya kwanza.

Mimi ni dresa hapa Kigoma. Watu huniita dokta, jina nililochoka kulikataa. Kazi yangu ni kuosha vidonda, kuvifunga, kumshikia mgonjwa mguu tabibu anapoingiza ganzi, na kusikiliza. Kwa hiyo nimeyapanga maelezo haya kwa namna watu wanavyolalamika. Tafuta lalamiko linalofanana na lako uanzie hapo. Lakini kwanza pita kwenye sehemu inayofuata, maana kuna watu ambao hawatakiwi kusogeza mkasi karibu na mguu wao.

Wasiojitibu nyumbani

Mwenye kisukari. Mwenye miguu iliyokufa ganzi, awe aliwahi kuugua ukoma au iwe ni kwa sababu nyingine. Mwenye miguu ambayo damu haifiki vizuri: vidole vya baridi, kidonda cha mwaka jana ambacho hakijafunga. Hawa waende kituoni kidole kikiwa bado kinaleta maudhi madogo tu. Na kama una kisukari na kucha imezama lakini haiumi, hiyo isikufurahishe. Mishipa ya fahamu imenyamaza, kidonda kinaendelea na kazi yake.

Wengine wote waende siku hiyohiyo wakiona homa, uvimbe unaopanda kutoka kidoleni kuja juu ya mguu, mstari unaotambaa kuelekea kifundoni, au mtoki. Mtoki wa upande wa mguu unaouma maana yake uchafu wa kidoleni umefika kwenye tezi za kinena. Na kwenye ngozi zetu nyeusi usikae kungoja wekundu unaosemwa vitabuni. Tazama ngozi iliyokaza, iliyokolea au kuelekea zambarau, kisha weka mgongo wa mkono wako pale, ulinganishe joto lake na la mguu wa pili.

Nani anamsukuma mwenzake

Kucha ya kidole gumba imekaa kwenye kitanda chake, na kingo zake mbili zinapita kwenye vijifereji vya ngozi kulia na kushoto. Ugonjwa unaanza pale ukingo au kona inapotoboa ngozi ya kijifereji. Mwili unaiona kucha ile kama mwiba: unaleta maji, uvimbe, usaha, na mwisho unaota kinyama. Tofauti yake na mwiba wa kawaida ni kwamba huu unakua. Kucha ya kidole gumba cha mguu huenda mbele kama milimita moja na nusu kwa mwezi, ikichimba.

Swali la kujiuliza ni moja tu: kucha inaifuata nyama, au nyama inaifuata kucha? Ukikata vibaya, kucha ndiyo inayoifuata nyama. Ukivaa kiatu kinachobana, nyama inasukumwa juu ya kucha. Dawa ya kumeza haikati kona, wala haipanui kiatu.

"Kinauma nikivaa kiatu, nikivua kinanyamaza"

Ngozi haijatobolewa bado, inabanwa tu. Mwenye hali hii ana bahati na mara nyingi hajijui.

Chanzo ni kiatu, na kwa hapa kwetu kuna aina tatu zinazorudi kila mara. Kuna kiatu cheusi cha shule kilichonunuliwa Januari, na ikifika Julai mguu wa mtoto umeshakipita. Vijana wa miaka kumi na kitu ndio wateja wetu wakubwa wa kucha zilizozama: mguu unakua haraka, unatoka jasho jingi, na kucha zao bado laini. Kuna kiatu cha mtumba kilichopendwa kwa sura, yule muuzaji akaapa kwamba kitatanuka. Ngozi hutanuka kidogo. Kiatu cha plastiki hakitanuki hata ukilala nacho. Halafu kuna njumu. Mchezaji wa chandimu huzitaka zimbane ili ausikie mpira, na kila anaposimama ghafla kucha inagonga ukuta wa mbele.

Mteremko nao una mchango wake. Anayeshuka kwa miguu kila asubuhi kutoka Mwanga kuelekea stesheni na viatu vya kazi, vidole vyake vyote vinasukumwa mbele njia nzima. Jioni akipanda haumwi, akadhani kidole kimepona.

Kipimo ni karatasi. Jioni, mguu ukiwa umeshavimba wa siku nzima, simama juu ya karatasi uuchore kwa penseli iliyosimama wima. Kata ule mchoro, uingize ndani ya kiatu. Karatasi ikijikunja pembeni, mguu wako nao unajikunja hivyohivyo. Dawa yake ni kandambili au katambuga wiki mbili tatu, na kiatu chenye nafasi ya kama upana wa kidole cha mkono mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Soksi ya kubana nayo uiangalie, watu huisahau.

"Kona inachoma kama mwiba siku chache baada ya kukata kucha"

Hapa ndipo wengi walipo, na hapa nitakaa.

Kijana mmoja anayepakua dagaa Kibirizi alinijia akitembelea kisigino.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba, mwanangu. Ulikata na nini?"

"Wembe."

"Kona ukaifuata?"

"Nikaifuata mpaka nikaipata."

"Hukuipata. Umeiacha chini."

Mambo huenda hivi. Kona inasumbua, unaingiza wembe kwa mshazari ili uitoe. Sehemu unayoiona inatoka, na unapata raha ya siku tatu kwa sababu mgandamizo umepungua. Lakini kule ndani ambako macho hayafiki, wembe haukumaliza kukata. Umebaki kijimwiba chembamba kama mfupa wa dagaa. Kucha inapoendelea kukua kinasukumwa mbele, kinatoboa nyama. Unaingiza wembe tena, ndani zaidi. Kila safari kijimwiba kinaachwa karibu zaidi na shina, na nyama iliyokosa kucha ya kuizuia inainuka na kuziba njia. Wanaochana kucha kwa vidole wakiwa kwenye mazungumzo nao wanaishia palepale: kucha iliyochanwa hukatikia chini, pasipotakiwa.

Kwa wavuvi na wapakuaji kuna jambo la ziada. Mguu unaoshinda majini ngozi yake inalainika kama muhogo ulioloweshwa, na ngozi laini haina ubishi na kucha. Jasho ndani ya raba linafanya kazi hiyohiyo.

Kama hakuna usaha mwingi wala kinyama, hali hii unaweza kuitibu nyumbani. Loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu, yanayovumilika kwa kiwiko, dakika kumi na tano hadi ishirini, mara tatu kwa siku. Chumvi weka ukitaka, kijiko kimoja cha chai kwa lita. Ya Uvinza, ambako wamekuwa wakichemsha maji ya chumvi tangu karne nyingi kabla ya reli, itafaa kama nyingine yoyote. Kinacholainisha ni maji yenyewe, na anayekuuliza kama chumvi ya mawe ina nguvu kuliko ya pakiti mwambie aangalie saa, maana wengi hutoa mguu baada ya dakika tano.

Ukaushe mguu vizuri, na katikati ya vidole pia. Kisha kwa kidole cha mkono isukume nyama ya pembeni itoke kwenye kucha, polepole, mara kadhaa. Chukua pamba safi kiasi cha punje mbili za mchele, isokote iwe kama uzi mnene. Inua kona kidogo tu, uipenyeze pamba chini yake ili kucha ikae juu ya pamba badala ya kukaa juu ya nyama. Kifaa cha kusukumia kiwe butu: kijiti cha kuchokolea meno kilichokatwa ncha kinatosha. Pini, sindano ya kushonea na mwiba wa mlimau viweke mbali. Pamba ibadilishwe kila siku baada ya kuloweka, kwa sababu pamba ya jana ni shamba la vijidudu. Paka vaselini nyembamba pembeni. Kama inauma, parasetamoli.

Ipo njia nyingine ambayo wengi hawaijui, ya plasta. Kata plasta ya kitambaa yenye upana wa sentimita moja. Bandika ncha yake kwenye nyama iliyovimba, karibu kabisa na kucha. Vuta nyama ishuke mbali na kucha, kisha zungusha plasta chini ya kidole kwa mshazari mpaka ifike upande wa pili, bila kukifunga kidole kizima kama pete. Nyama inabaki imevutwa mchana kutwa. Ibadilishe kila siku, na kila inapolowa.

Siku ya tatu mpaka ya tano lazima uone tofauti. Maumivu yakipungua, endelea na pamba wiki kadhaa, mpaka kona itokeze mbele ya nyama. Hapo ndipo watu wananipotea: maumivu yakiisha wiki ya kwanza wanaacha, na kona ingali ndani. Kama siku ya tano hakuna tofauti, kijimwiba kiko mbali na pamba haikifikii. Njoo.

Utaambiwa pia ukate alama ya V katikati ya kucha, eti kingo zitavutwa kuja katikati. Kucha inakua kutoka kwenye shina lake, nyuma huko chini ya ngozi. Haijui kwamba umekata V mbele. Utabaki na kucha yenye V na kidole kinachouma.

"Kinatoa usaha, dawa nimemeza, kinapoa kisha kinarudi"

Kinapoa kwa sababu vijidudu vimepigwa. Kinarudi kwa sababu mlango walioingilia uko wazi, na kucha ndiyo inayoushikilia. Antibayotiki ina kazi yake uvimbe unaposambaa kupita kidole, au kwa wale niliowataja mwanzo, na hapo aiandike tabibu. Usaha kidogo wa pembeni ya kucha kwa mtu mwenye afya mara nyingi hukauka wenyewe baada ya kijimwiba kutolewa, bila kapsuli hata moja.

Halafu kuna mtindo wa kufungua kapsuli na kumwaga unga wake kidondani. Naujua tangu utotoni na bado unaingia chumbani kwangu kila wiki. Unga unagandamana na usaha, unafanya gamba gumu juu, na chini yake usaha unakosa pa kutokea. Ninatumia muda mrefu kulowanisha gamba hilo kuliko kutibu kidole. Spiriti inayomwagwa kila siku nayo inaunguza chembe changa zinazojaribu kufunga kidonda. Maji safi na sabuni vinatosha.

Ukiwa huko kituoni uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Kidonda cha mguuni kinachokanyaga vumbi ni kidonda cha pepopunda, na watu wazima wengi hawakumbuki walichanjwa lini.

"Kuna kinyama chekundu, kikiguswa kinatoka damu"

Hiki ni kinyama cha kidonda kilichokosa nafasi ya kupona. Kinaota wiki kadhaa baada ya kucha kutoboa, kinalowa muda wote, na kinaweza kufunika robo ya kucha. Watu wanakiogopa wakidhani ni saratani, au wanakifunga kwa uzi kikatike. Kukikata peke yake ni kazi bure, kitaota tena kabla mwezi haujaisha. Tatizo likifika hapa pamba na maji ya vuguvugu havitoshi. Linahitaji ganzi na kukatwa ukingo wa kucha.

"Kucha iling'olewa yote, imerudi na ugonjwa wake"

Hili nalisema kwa mguu wangu mwenyewe. Nikiwa kijana, nikicheza mpira Ujiji kwa njumu za kuazima, kidole gumba cha kushoto kilianza. Bibi yangu alinidondoshea mawese ya moto kwenye kona. Nililia, na nikapata na kidonda cha kuungua juu ya kile cha kwanza. Kisha kijana mmoja wa sokoni, wale wanaobeba kikapu cha rangi za kucha, akachokonoa kwa kisu kidogo alichokifuta kwenye suruali. Mwishowe nilipelekwa mahali pa tiba ambapo kucha yote iling'olewa. Ganzi ilikuwa haijashika vizuri, na hiyo ndiyo sababu mpaka leo namgusa mgonjwa kwa ncha ya pamba kwanza na kumuuliza, "Unasikia?" Mwaka haujaisha, kucha mpya ikaja na kona yake ileile.

Kucha nzima ya kidole gumba huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kurudi. Inaporudi inakuta nyama ya mbele imeinuka kwa sababu haikuwa na kitu cha kuikandamiza, inajigonga humo, inazama. Na shina lililozaa ukingo mpana kupita kiasi bado lipo, kwa hiyo litazaa tena. Kung'oa kucha nzima na kuacha shina ni kuahirisha.

Kinachofaa kwa tatizo la kujirudia ni kukata ukingo tu, milimita mbili mpaka nne za upande unaosumbua, kutoka mbele mpaka kwenye shina, kisha kulizima shina la sehemu hiyo ili isiote tena. Njia inayojulikana zaidi ni fenoli: pamba ndogo iliyolowa fenoli inashikiliwa pale kwa dakika chache, inaunguza shina. Pasipo na fenoli, tabibu anaweza kulikwangua au kulikata shina hilo. Mgonjwa anabaki na kucha nyembamba kidogo ambayo asiyejua hataitambua. Kwa hiyo kabla ya kukubali, uliza swali hili kwa heshima: "Dokta, shina la upande huu nalo litatolewa?" Likijibiwa hapana, uliza kama rufaa kwenda Maweni inawezekana. Huko ndiko hospitali ya rufaa ya mkoa.

Aliyewekewa fenoli asishtuke kidole kikitoa majimaji wiki mbili mpaka sita. Ni moto wa dawa unapoa. Usaha mzito wenye harufu na maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu, hayo ndiyo ya kurudi nayo.

"Kucha imejikunja kama bomba"

Wazee wengi. Kucha inazidi kuwa nene, kingo zake zinajikunja kwa ndani mpaka zinabana kitanda chake. Mara nyingine ni maumbile ya ukoo, mama alikuwa nazo na binti anazo. Mara nyingine ni fangasi: kucha ya njano au ya kahawia, inayopukutika unga chini yake. Fangasi za kucha za mguuni zinataka dawa ya kumeza kwa wiki nyingi, na ini liangaliwe kwanza, kwa hiyo tyubu ya duka la dawa haitafika mbali. Kwa mzee asiyeweza kuinama, msaada mkubwa ni mjukuu mwenye macho mazuri: amloweke babu miguu nusu saa, akate kidogokidogo kwa kikatio cha kucha kikubwa, asikimbilie kumaliza kwa siku moja.

"Kimevimba kwenye shina, pembeni hakuna kitu"

Hii hukosewa mara nyingi. Mtu alijikwaa au kucha iligongwa, ikajitenga na shina lakini haikudondoka. Kucha mpya inaota chini yake na kuisukuma ya zamani, nayo inarudi nyuma na kuchimba ngozi ya shinani. Dalili zake: kucha imeacha kurefuka kwa miezi, imekuwa nene na ya manjano nyuma, na uvimbe uko pale kucha inapoanzia. Pamba ya konani haina kazi hapa. Ile kucha ya zamani itolewe kwa ganzi, na hapa kung'oa ndiko tiba.

Huenda si kucha

*Kinawasha kuliko kuuma.* Tafuta kidoa cheusi katikati ya kiuvimbe cheupe, pembeni ya kucha au chini ya ncha yake. Ni funza. Hapa kwetu mtu yeyote aliyekulia uani penye vumbi, mbuzi na mbwa anamjua, hasa miezi ya kiangazi. Kwa taarifa yako, si mwenyeji: alikuja na meli kutoka Brazil mpaka Angola mwaka 1872, na kabla karne haijaisha alikuwa ameshavuka bara lote hadi pwani ya Bahari ya Hindi, akisafiri kwenye miguu ya wapagazi na askari kwa njia hizihizi za Ujiji na Tabora. Usimchokoe kwa pini inayozunguka nyumba nzima. Pini hiyo inabeba pepopunda, homa ya ini na virusi vya UKIMWI.

*Kimevimba ghafla, kinapwita usiku, hakuna kona iliyozama.* Huo ni mdudu wa kidole. Usaha umejificha kandokando ya kucha na unahitaji kufunguliwa.

*Maumivu yako kwenye kiungo, chini kabisa ya kidole, shuka haiwezi kukigusa.* Fikiria jongo. Kapime.

*Kuna weusi chini ya kucha.* Kama kuna jiwe lililodondoka au teke lililokosa mpira, ni damu, na itasogea mbele kadiri kucha inavyokua. Sisi weusi wengi wetu tuna mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa, na ni ya kawaida. Lakini mstari mmoja mpya kwenye kidole kimoja, unaopanuka, au weusi unaomwagikia kwenye ngozi ya shinani, uonwe na daktari bila kuchelewa. Bob Marley alidhani ni jeraha la mpira kwenye kidole gumba cha mguu. Mwaka 1977 ikajulikana ni saratani ya ngozi chini ya kucha, na tarehe 11 Mei 1981 akafariki akiwa na miaka 36.

*Kitu kigumu kinainua kucha kutoka chini.* Kinaweza kuwa kifupa kilichoota. Picha ya eksirei itasema.

Mtoto mchanga

Kucha za mchanga ni laini na fupi, nyama inaonekana kama imezifunika. Mara nyingi zinajitokeza zenyewe miezi inavyokwenda. Mama apapase pembeni kwa mafuta baada ya kuoga na asimvalishe soksi za kubana. Mkasi hauhitajiki hapo. Pakitoka usaha, mlete.

Kukata kunakotakiwa

Kata baada ya kuoga. Kata mstari ulionyooka, kimo kiwe sawa na ncha ya kidole, na kona zote mbili uzione kwa macho zikiwa juu ya nyama. Kona kali isugue kwa tupa ya kucha, usiizungushe. Kila mtu nyumbani awe na kikatio chake. Na kama unapenda kusafishwa miguu na wale vijana wa kikapu, hakuna ubaya, wana mikono myepesi na habari zote za mji. Mpe kikatio chako mwenyewe, na mwambie mapema: kona usiguse.

Siku ya kwenda kukatwa

Si operesheni ya kutisha. Sindano mbili za ganzi kwenye shina la kidole ndiyo sehemu inayouma, kwa sekunde chache. Mpira unafungwa kuzuia damu, kazi inaisha ndani ya nusu saa, mpira unafunguliwa. Mwambie tabibu dawa unazotumia, na kama una kisukari sema hata usipoulizwa. Siku mbili za kwanza mguu ukae juu ya mto. Bandeji ya kwanza ibadilishwe siku ya pili, ikiwa imeloweshwa maji, maana ikivutwa kavu ndipo utakaponichukia mimi bure.

Uje umekula. Uje na kandambili pana. Na usije na pikipiki unayoendesha mwenyewe: ganzi inaweza kukaa saa moja mbili, na breki ya nyuma inakanyagwa kwa mguu wa kulia.